Korongo Katika Maharage ya Mama

Nyumba yangu ya Kitendaguro, Bukoba, ina baraza mbili. Moja inatazama barabara, ili wapitao waione nyumba, na nyingine inatazama ziwa, ili mimi nilione ziwa. Ramani yake niliichora mwenyewe kabla fundi yeyote hajashika mwiko, na fundi mkuu alikiri kwamba hakuwa na la kuongeza. Nayasema haya mapema kwa sababu wanaonifahamu wasiponisikia nikijisifu watadhani naumwa. Kila nilichonacho nilikitoa katika ziwa hili, baada ya kuondoka kwetu Ngenge nikiwa na begi moja na stashahada ya mifugo ambayo hakuna ofisi iliyoihitaji. Hiyo ndiyo hadithi yangu. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye vikao vya wafanyabiashara, kwa vijana wa kipaimara waliokalishwa wanisikilize wakitaka wasitake. Na sikuzote ilianzia pale pale: mama yangu mzazi alinipigia magoti akanipa kahawa ya wageni, nami nikaelewa kwamba nyumba ile haikuwa yangu tena. Majuzi tulimzika mama. Niliisimulia tena, kwa kipaza sauti, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, na watu wakatikisa vichwa kwa kunistahi. Jioni ile mjomba wangu Gozbert, mdogo wake mama, akaniita kibanjani, katikati ya migomba, akaniambia jambo. Tangu hapo hadithi ile imenikataa. Kwa hiyo nitaisimulia hapa kuanzia mahali ambapo sikuwahi kuianzia, yaani kwa ndege.

Mwaka ule nilirudi Ngenge kutoka chuoni nikapokewa kama mkwe. Walinichinjia mbuzi, wakatoa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na katekista akasali sala ndefu ya kuiombea kazi yangu, kazi ambayo haikuwepo. Baba alikuwa amekwisha fariki, na dada zangu wameolewa mbali. Tulibaki mimi na mama katika nyumba ya bati yenye vyumba vitatu na sebule, na sebuleni mama alikuwa ameitundika stashahada yangu katikati ya picha ya Moyo Mtakatifu na kalenda ya parokia, akaiwekea kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kila aliyeingia kusalimia aliinua macho akaiona, kisha akayashusha akaniona mimi chini yake, nimekaa kwenye kiti saa nne ya asubuhi, nimevaa viatu kama mtu anayetoka, na sitoki. Mwanzoni waliuliza, "Bado hawajakuita?" Baadaye wakaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaanza kuwakwepa. Nikisikia hodi napita mlango wa uani, nashuka kibanjani katikati ya migomba, napitiliza mibuni hadi mwisho kabisa, ambako mama alipanda maharage kwenye kipande kinachoteremkia bondeni. Huko nilikaa kwenye kisiki nikisikiliza sauti za wageni hadi ziishe. Leo nina ofisi ambayo mtu haingii bila kuulizwa anamtaka nani, lakini nikisikia hodi ya ghafla bado miguu yangu inataka mlango wa nyuma.

Ni huko kwenye maharage nilikomkuta. Korongo, wale wenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu kichwani, ambao huonekana makundi kwa makundi bondeni wakati wa mvua. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya matuta, ananitazama kwa jicho moja. Nilimpigia kelele aondoke asikanyage maharage. Alipiga hatua, na ndipo nikaona bawa la kushoto linaburuza chini, limepinda mahali ambapo bawa halipindi, damu imekauka kwenye manyoya meupe. Nilivua koti langu la mahafali, ambalo nililivaa kila siku kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo, nikamrushia kichwani, nikamkumbatia kabla hajajua nini kimempata. Alikuwa mwepesi mno kwa ukubwa wake. Alinidonoa shavuni, na kovu lake dogo bado lipo. Wateja wangu huwa nawaambia lilitokana na ndoano ya sangara.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi juu ya jani la mgomba, pamoja na jirani yetu Mama Koku, ambaye alikuwa na mdomo wa kusikika mpaka barabarani. Nilipotokea na yule ndege kwapani, Mama Koku alicheka. Mama hakucheka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akajifunga kanga yake upya kiunoni kama alivyofanya kila padri alipoingia uani. Akasema kwa sauti ndogo, "Kasinge," neno ambalo sisi Wahaya tunamwambia mtu wa heshima. Nilidhani ananiambia mimi kwa kejeli.

"Mae," nikamwambia, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita, "nipe kipande cha kanga kuukuu na magome makavu ya mgomba. Namfunga bawa."

"Projest, ndege huyu kwetu..."

"Mae, hayo ya miziro tuliyasoma. Ni imani za wazee. Nipe kitambaa."

Akanipa kitambaa. Nieleze kidogo kwa asiye wa kwetu: kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kiumbe au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili wala hawakidhuru. Mtoto hufuata muziro wa baba. Wa baba yangu niliujua. Wa mama sikuwahi kuuliza, na siku ile alipotaka kuniambia bila kuulizwa, nilimkatiza mbele ya jirani, kisha nikamfundisha, sauti juu, jinsi mfupa wa ndege ulivyo na hewa ndani.

Bawa nililifunga vizuri. Hilo silionei aibu, ndilo pekee. Nilinyoosha mfupa kwa vidole, nikalikunja bawa kama linavyokaa likipumzika, nikaliegemeza kwenye ubavu wake, nikazungusha magome na kitambaa, si kwa kukaza sana asije akashindwa kupumua. Chuoni tulifanya hivyo kwa kuku mara moja tu, na mwalimu alisema hakuna mfugaji atakayetuita kwa ajili ya kuku. Mama alitandika nyasi mpya kwenye chumba kidogo cha kuwekea buni, zile nyasi laini ambazo kwetu hutandikwa sebuleni kwa sikukuu. Nikamwambia maranda yangetosha. Akajibu, "Nyasi zipo," akaendelea kutandika, akizilaza zote upande mmoja.

Kuanzia hapo nikapata kazi. Naandika neno hilo nikijua linavyosikika. Asubuhi niliamka mapema kuliko mama, nikashuka kutafuta panzi, vyura na minyoo, nikarudi suruali imelowa umande hadi magotini. Nilimpa mahindi yaliyovunjwavunjwa. Msimu wa senene ulipofika, watu wote wakawa nje wanakimbizana nao kwenye majani, nami nikakusanya mfuko mzima. Nusu nilimpelekea korongo. Mama Koku aliniona nikimmiminia.

"Senene hao?" akauliza. "Wanaume wanaoa kwa ajili ya kuletewa senene na wake zao, wewe unalisha ndege?"

"Anahitaji protini."

"Nawe unahitaji mke. Ukimpata, mfiche huyo ndege. Atamwonea wivu."

Mama alicheka naye hapo. Usiku tulikula nusu iliyobaki, imekaangwa kwa chumvi na kitunguu, na ndizi zilizopikwa na maharage hadi zikawa nyekundu. Mama alikuwa na desturi ya kunisogezea upande wa sufuria wenye maharage mengi. Siku hizi nina mpishi, anajua kupika sangara kwa namna ambazo wageni kutoka Dar wanaziulizia. Sijawahi kumwomba ndizi na maharage. Kila mtu ana chakula ambacho kikipikwa na mwingine kinakuwa matusi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo niliijenga hadithi yangu yote juu yake. Mchana mmoja nilikuwa nimelala chumbani, nimechoka na mvua. Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umedondoka mahali kwa mahali. Nikamsikia Mama Koku akiingia.

"Mama Projest, wageni wako wawili wameshakula?"

"Wageni gani?"

"Yule wa mabawa na yule wa diploma."

Nikamsikia mama akicheka. Si kicheko cha kumridhisha jirani, kilikuwa kicheko chake kabisa, kile kilichomtoa machozi. Kisha akasema, "Huyo wa mabawa atapona, atarudi kwao bondeni. Huyu mwingine sijui lini."

"Mwulize."

"Mgeni haulizwi."

Walicheka tena wote wawili, kisu kikaendelea kugusa maganda. Nililala nimetazama bati. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwanamume, nimesoma kuliko mtu yeyote wa kijiji kile, na mama yangu alinicheka na jirani kwa sababu ya tumbo langu. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Sikujiuliza kama mama anayesema hajui mwanawe ataondoka lini anatamani aondoke au anaogopa. Sikuwa na nafasi ya kujiuliza, aibu ilikuwa imejaa chumba.

Muda si mrefu baadaye, Jumapili, nilimfungua korongo. Mama alikuwa bado hajarudi kanisani. Nilikata kitambaa, nikaondoa magome, nikarudi nyuma. Kwa kitambo alisimama tu na bawa lake limekaa kama lilivyozoea kufungwa. Kisha akalinyoosha, polepole, akalinyoosha na la pili, na yote mawili yakawa sawa. Uani kwetu hapakuwa na kitu kipana kama kile. Alirukaruka mara kadhaa, akainuka kidogo, akashuka, akaenda zake kwenye majani kutafuta wadudu kama mtu aliyejaribu shati na kuona linamtosha. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba na kitabu chake cha misale mkononi. Sijui alikuwa amefika lini. Alipita akaingia ndani.

Nilikaa sebuleni, chini ya stashahada. Mama akatoka chumbani kwake bado na kitenge chake cha kanisani, ameshika kile kikapu kidogo cha kusuka kinachokaa juu ya kabati, cha kamwani. Kamwani ni kahawa inayochemshwa na majani yenye harufu ikiwa bado na ganda lake, ikakaushwa, watu wakaitafuna. Kila nyumba ya Kihaya inayo, na mgeni akiingia ndiyo kitu cha kwanza anachopewa. Mtoto wa nyumba hapewi kwa kikapu. Akitaka anachota mwenyewe. Mama alikuja hadi mbele ya kiti changu, akapiga magoti sakafuni, mbele ya mtoto aliyemzaa, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili.

"Kasinge, waitu," akasema, maneno yote mawili ya heshima. "Pokea."

Mimi nilikuwa nasikia sauti ya Mama Koku: wageni wako wawili. Yule wa kwanza amepona, sasa ni zamu ya wa pili. Nikachukua punje moja, nikaitia mdomoni.

"Nimeelewa, Mae," nikasema.

Akainua uso. "Umeelewa kweli?"

"Nimeelewa."

Basi uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo mimi, nikiwa na kahawa ile chungu mdomoni, niliihesabu kuwa ni ya mtu aliyetua mzigo. Kesho yake nilimwambia naenda visiwani, huko ziwani, kutafuta maisha. Alishtuka, au alijifanya kushtuka, ndivyo nilivyoamua. Alinifungia ndizi kwenye jani, akanisindikiza hadi njia panda akilia, nami sikugeuka. Korongo alikuwa bado anazunguka uani nilipopita. Sikumuaga pia.

Ya visiwani nimeyasimulia mno, nitayapitia haraka. Nilianika dagaa pamoja na watu kutoka kila upande wa ziwa, nikalala kwenye vibanda vya nyasi na mabati, nikajifunza bei kabla ya kujifunza majina ya watu. Nilifanikiwa. Baadaye nikahamia Mwanza, nikapata mtumbwi wangu, kisha kadhaa, kisha lori. Mama nilimtumia kila alichohitaji na sikwenda kumwona ila kwa misiba na sikukuu kubwa, na nikienda nilikaa kwenye kiti cha mgeni, kwa makusudi, nikingoja aone. Aliniletea chakula.

Nilipomaliza nyumba ya Kitendaguro nilimtumia gari limlete kwenye sherehe ya kuhamia. Nilimkalisha meza ya mbele. Wageni walikuwa wazito, mapadri wawili, wenye mahoteli, wakubwa wa ofisini. Nikasimama na kipaza sauti, nikamnyooshea mkono mama, nikasema, "Mnamwona bibi huyu mpole? Huyu alinifukuza nyumbani. Alinifukuza kwa heshima zote za Kihaya, kwa magoti na kamwani. Bila yeye ningekuwa bado nakula maharage yake." Watu walicheka hadi wakapiga meza. Mama alikuwa anatazama kitambaa cha meza, anakilainisha kwa kiganja, anakilainisha tena pale pale. Jioni nikimpandisha garini akanishika mkono.

"Projest. Na yule ndege?"

"Ndege gani, Mae?"

"Yule wa kwenye maharage. Mbona hukumtaja?"

Nikacheka. "Mae, wale ni watu wakubwa. Nisimame mbele yao nisimulie habari za ndege?"

Aliniangalia kidogo, akangoja. Naikumbuka sasa ile kungoja. Kisha akasema, "Sawa, waitu," akafunga kanga yake, dereva akaondoka.

Jioni ile ya mazishi, mjomba Gozbert alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya migomba ya mama, fimbo kati ya magoti. Huko uani watu walikuwa wanasifu hotuba yangu. Mjomba hana maneno matamu hata penye msiba.

"Diploma yako ni ya nini vile?" akaanza.

"Ya mifugo, mjomba."

"Korongo ni mfugo?"

"Si mfugo."

"Basi hukufundishwa. Keti." Kiti cha pili hakikuwepo, nikachuchumaa na suti yangu. "Korongo ni muziro wetu sisi, kwa kina mama yako. Atakayemuua ametuua. Na mtu wa ukoo mwingine akimwokoa, binti wa kwetu anampelekea kamwani kwa magoti, kama mgeni mkubwa. Wewe ni wa ukoo wa baba yako. Siku ile hakuwa mama yako. Alikuwa binti wa kwetu, na wewe ulikuwa mtu aliyetuokolea ndugu. Sijui kama kuna heshima inayopita hiyo. Mimi sijawahi kuipata."

Nilimwuliza kwa nini Mae hakuniambia. Swali la kijinga, na jibu nilikuwa nalo tangu jikoni, kisu kimewekwa chini na kanga imefungwa upya, nami namkatiza.

"Alikuuliza kama umeelewa," mjomba akasema. "Ulimjibu nini?"

"Nilisema nimeelewa."

"Alikuja kwetu siku ulipoondoka. Analia kwa kuwa umeenda, halafu anacheka, anasema mwanangu aliyesoma ameelewa mambo ya kwetu, amepokea kamwani kama mzee. Miaka yote hiyo alitamba nalo. Wewe unadhani kutamba ulirithi wapi? Kisha akaenda kwenye nyumba yako hiyo ya baraza mbili. Aliporudi akapita kwangu kabla ya kwake. Akasema, 'Gozbert, hakuelewa.' Nikamwambia nitakuja Bukoba nikuambie mbele ya hao mapadri wako. Akakataa. Akasema, 'Mwache. Kama hilo ndilo lililompa nguvu, mwache nalo.'"

Uani walikuwa wameanza wimbo wa kanisa, na mtu fulani alikuwa anauliza kwa sauti mimi niko wapi, ili nitoe neno la kufunga. Nilibaki nimechuchumaa. Nilikuwa natafuta kitu cha kumwambia mjomba ambacho kingekuwa na ukubwa unaotosha, na katika maneno yangu yote, mimi ninayesifiwa kwa maneno, lilipatikana moja tu.

"Mjomba, yule ndege. Aliruka? Aliishia wapi?"

Mzee akaegemea fimbo yake akasimama.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Aliyekuwepo ni mama yako. Swali hilo alilingoja."

Akanitangulia kurudi kwa watu, akikwepa mashina ya migomba kwa fimbo, na mimi nikashuka upande wa pili, hadi kule kwenye maharage.